Waya Alizofunga Anuar

Ridhwan alikuwa mpima ardhi, mtu aliyezoea mambo yake kunyooka, lakini jioni tatu mfululizo televisheni mpya ilimshinda. Shemeji yake, Mansour, ndiye aliyeileta kutoka Maskati pamoja na saundiba, ile spika ndefu nyembamba ya kuweka chini ya televisheni, kwa sababu mama yake Mansour, Bi Mwanakheri, masikio yalikuwa yakimpotea. Bibi huyo aliishi Kiponda kwa binti yake Shahida, mke wa Ridhwan. Kila siku baada ya alasiri alitaka kumsikia marehemu mumewe akisoma maulidi, katika sidii ya video iliyorekodiwa harusini miaka mingi nyuma.

Vyombo vilikuwa vinne: king'amuzi, deki ya Bi Mwanakheri, kisanduku cha intaneti na hiyo saundiba. Matundu ya HDMI nyuma ya televisheni yalikuwa matatu. Ridhwan alichomeka hiki, akachomoa kile. Picha ikija, sauti haiji. Sauti ikija, inatoka kwenye televisheni yenyewe, dhaifu, na saundiba iko kimya.

"Nshamwita Anuar," Shahida alisema siku ya nne.

Ridhwan aliweka kikombe chini. "Anuar yupi?"

"Wapo wangapi? Wa Darajani."

Anuar alikuwa amemposa Shahida kabla yake. Bi Mwanakheri alimkataa, kwa kuwa siku zile alikuwa akitengeneza redio za watu barazani kwao, hana mbele wala nyuma. Sasa alikuwa na duka, na mke, na watoto wawili. Ridhwan aliyajua yote hayo, na hayakumsaidia kitu.

Anuar alikuja alasiri, akavua viatu mlangoni. "Shikamoo, mama," alimwambia Bi Mwanakheri kwa sauti ya juu, karibu na sikio lake la kulia, kama anayejua kuwa la kushoto limekufa. Nani alimwambia? Ridhwan alikaa kwenye kochi akijifanya anasoma simu. Kila Shahida alipompa Anuar mkasi au taulo, yeye alihesabu pumzi.

Fundi hakukaa hata nusu saa. Saundiba aliitia kwenye tundu lake maalumu, lililoandikwa ARC. King'amuzi na kisanduku cha intaneti akavipa matundu mawili yaliyobaki. Deki akaiunga kwa zile waya za zamani, nyekundu, nyeupe na njano. Kisha akabandika plasta nyeupe kwenye kila waya na kuandika jina la chombo chake, na kwenye rimoti, juu ya kitufe cha deki, akaandika MAMA.

Sauti ya marehemu ikajaa chumbani. Bi Mwanakheri akafunga macho. "Mikono yako ina baraka, mwanangu," akasema.

Miaka kumi na moja Ridhwan alikuwa akimnunulia dawa bibi huyo, na hakuwahi kuambiwa hivyo.

Usiku kucha aliwaza ile plasta. Mwandiko wa Anuar sebuleni kwake, mkewe akiuona kila anapofuta vumbi! Jumapili, Shahida alipokwenda Makunduchi kwenye harusi ya jamaa, Ridhwan alivuta kabati, akachomoa kila kitu na kubandua plasta zote. Alitaka kuziunga upya mwenyewe, kwa mkono wake. Alasiri ilimkuta bado amepiga magoti.

Bi Mwanakheri alitoka chumbani akiburura ndara, akakaa mahali pake. "Nitilie, mwanangu."

Ridhwan alibonyeza. Picha ikaja: wanaume wenye kanzu wamekaa mkekani, na marehemu katikati, midomo ikicheza. Sauti hakuna. Akaongeza, akaongeza tena.

Bi Mwanakheri alisogeza kiti mpaka goti likagusa kabati. Akainama, sikio la kulia mbele. Halafu akajishika kichwa.

"Yarabi, na hili nalo limekwisha," akasema, na machozi yakamtoka. "Simsikii tena. Simsikii kabisa."

"Si sikio, mama! Ni mimi!" Ridhwan alipiga kelele, lakini kwa hofu yake bibi hakuwa akisikiliza.

Ridhwan alikwenda uani akampigia simu mtu ambaye hakutaka hata kulitaja jina lake.

"Anuar, nimezifungua waya."

"Saundiba umeitia tundu gani?"

"La tatu."

"Irudishe kwenye ARC. Kisha ingia kwenye mipangilio ya sauti, uchague spika ya nje. Taratibu tu, niko hapa, sikati."

Ridhwan alirudi ndani akafanya alivyoambiwa, simu imebanwa begani. Sauti ilipolipuka, Bi Mwanakheri alishtuka, kisha akacheka huku bado analia. "Umeitengeneza wewe?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. "Niliiharibu mimi, mama. Anuar ameniongoza kwa simu."

Shahida aliporudi, magharibi imeshaingia, Ridhwan alimweleza yote, pamoja na shaka yake juu ya nani aliyempa Anuar habari za sikio, na machozi ya mama yake. Shahida alivua buibui polepole, uso umekaza.

"Miaka kumi na moja, Ridhwan. Nimekuzalia, nimekuuguza. Leo unanionea wivu kwa plasta?"

"Naam."

"Na sikio la mama, Anuar aliambiwa na mkewe. Hununua mandazi kwangu kila Jumamosi. Ungeuliza."

"Niliogopa kuuliza."

Shahida alikwenda kukaa karibu na mama yake, akamshika mkono, na usiku ule alilala huko huko. Ridhwan alibaki sebuleni na mkasi, kalamu na plasta mpya, akiandika majina ya waya moja baada ya moja. Moyo wake ulikuwa bado unauma kila Anuar alipomjia akilini, lakini sasa alikuwa na haya zaidi kuliko wivu.