Nyumba ya Mgiriki Inauzwa

Mimi si mtu wa kuamini haraka, na sioni aibu kusema hivyo. Mwaka 1992, nikiwa na miaka kumi na mitatu, tulifukuzwa mji wa Kamina kwa sababu tu asili yetu ni mkoa jirani wa Kasai. Tulipanda behewa la mizigo, na kabla halijaondoka nilimwona kijana mmoja wa ofisi ya baba, Hénoch Kasongo, amesimama pale stesheni na funguo za nyumba yetu mkononi. Picha hiyo nimeishi nayo zaidi ya miaka thelathini.

Nyumba yenyewe watu wa Kamina wanaiita nyumba ya Mgiriki. Mfanyabiashara Mgiriki aliijenga kabla ya uhuru: matofali ya kuchoma, baraza lenye matao, sakafu ya vigae vyekundu na vyeupe. Baba yangu, karani wa reli, aliinunua kutoka kwake. Tulipohamia Mwene-Ditu, kule Kasai, hakupenda kuizungumzia. Ukimuuliza, jibu lake lilikuwa moja: "Nyumba iko pale." Nilidhani ni ndoto za mzee.

Basi mwaka huu binamu yangu Zébédée, anayefanya kazi kwenye treni, alinitumia picha ya ukuta wa nyumba hiyo, na damu ikanichemka. Kabla ya kuondoka baba alikuwa ameandika pale kwa mkono wake, kwa rangi nyeusi, NYUMBA HII HAIUZISHWE, kama wafanyavyo wote huku wanaoogopa nyumba zao kuuzwa nyuma ya mgongo wao. Sasa maneno yake yamefunikwa na rangi nyeupe, na juu yake yameandikwa mengine: NYUMBA YA KUUZISHA. ONA HÉNOCH.

Nikafunga safari. Nia yangu ilikuwa kujifanya mnunuzi, nimfanye aseme kwa kinywa chake kwamba nyumba ni yake, simu inarekodi ndani ya mkoba, kisha tuonane mahakamani.

Kudanganya kwa faida ya familia si jambo geni kwangu. Mwaka 2011 mwanamume mmoja alibisha hodi kwetu Mwene-Ditu, akasema ametoka Kamina, anamtafuta Papa Nkashama, yaani baba yangu. Kamina! Watu waliotufukuza wanataka nini tena? Sikufungua hata mlango. Nilimjibu kutoka ndani: "Nkashama alikufa zamani." Baba alikuwa chumbani anatengeneza redio yake. Aliuliza ni nani, nikamwambia ni muuza sabuni. Yule mtu aliacha fungu la samaki wakavu mlangoni, nami nikawatupa chooni, maana nani anajua wametiwa nini. Kwa miaka mingi nilijisifu kwa akili ile.

Hénoch sasa ni mzee mwembamba, shati limepigwa pasi, meno yanahesabika. Alinipokea kwa heshima nyingi mno, na shaka yangu ikaongezeka.

"Bonjour, mama. Karibu. Weye unatoka wapi?"

"Kaniama. Minyi niko mu biashara ya mahindi."

"Na jina?"

"Noémie Kabasele," nikadanganya.

Aliliandika kwenye daftari taratibu, halafu akashusha pumzi kama mtu aliyekosa barua aliyokuwa akiingojea. Niliona majina mengine juu ya langu. Nikajiambia, kumbe ametuorodhesha, ataiuza nyumba moja kwa watu kumi.

Nyumba ilikuwa imetengenezwa vizuri, na hilo liliniuma kuliko kama ningeikuta gofu. Mabati mapya, dari mpya, vioo kwenye madirisha yote. Vigae vya Mgiriki viling'aa. Kila nilipoona pazuri nilizidi kumchukia.

"Hii nyumba iko yako, papa?" nilimtega.

"Angalia kwanza, mama. Mambo ya makaratasi tutasema kisha."

Umeona? Amekwepa.

"Lakini haya mabati, njo weye ulifunga?"

"Njo minyi," akakubali, "minyi mwenyewe. Bapangaji balikuwa banalipa, na ile yote iliingia mu nyumba."

Hata kodi amekula, nikasema moyoni, na nikausogeza mkoba karibu naye ili simu isikie vizuri. Tukaingia kwenye ujia wa kwenda jikoni. Nilitangulia bila kuelekezwa, nikiwa nimejaa hasira hata sioni ninapokwenda. Mwishoni mwa ujia nilishusha mguu, lakini sakafu ikanipokea kabla ya wakati wake. Nikapepesuka, nikashika ukuta nisianguke.

Nyuma yangu mzee alisimama ghafla.

"Mama," akasema, "unatafuta ngazi?"

"Ngazi gani?"

"Hapa kulikuwaka ngazi moja ya kushuka. Niliitoa, iko myaka tano sasa. Bantu kumi na moja balipita hapa mbele yako, hakuna hata mumoja aliitafuta. Na bote baliniuliza bei. Weye haukuuliza bei." Akanisogelea. "Weye uko mutoto wa nani?"

Hapo uvumilivu ulinishinda. "Minyi niko Lucienne, mutoto wa Nkashama! Na weye uko mwizi! Nilikuona ku stesheni na funguo zetu!"

Nilitegemea akane, au anitukane. Mzee alikaa chini pale pale kwenye vigae, akacheka huku machozi yanamtoka.

"Papa yako njo alinipatia. Alisema, Hénoch, chunga mpaka tutarudia."

Alikwenda chumbani akarudi na bahasha. Ndani mlikuwa na hati ya nyumba yenye jina la baba, halijaguswa. Na karatasi ndogo kwa mwandiko wake ninaoujua: Nyumba ni ya watoto wangu. Hénoch anaichunga.

"Sasa juu ya nini unaiuzisha?"

"Siiuzishi! Nilituma habari ku kanisa, nikatuma ku radio, hakuna muntu. Nikawaza: nikiandika ya kuuzisha, jamaa ya Nkashama itatoka tu kule iko, itafika hapa na makelele." Akapangusa macho. "Na makelele imefika."

Nilicheka naye. Nililia pia, kwa furaha na kwa haya. Alitoa funguo mfukoni, zile zile, akazishika akitaka kunipa, kisha akakumbuka daftari lake.

"Ngoja niandike vizuri. Minyi nilifikaka Mwene-Ditu, mwaka 2011. Nilipiga hodi, mwanamuke mumoja akajibu, hakufungua mulango. Alisema papa yako alikufa zamani. Nilikuwa nimemuletea samaki ya kule Mulongo, nikaiacha pale juu ya kilio, ya kusaidia jamaa. Nikarudia mu treni nikilia, hata habari ya batoto sikuuliza." Akafungua kalamu. "Alikufa mwaka gani?"

Ningeweza kusema 2009, kabla ya hodi ile, na jambo lingeisha. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, na mdomo wangu umezoea.

"Mwaka jana," nikasema. "Mwezi wa nane."

Kalamu ilisimama.

"Ile sauti ya nyuma ya mulango ilikuwa yangu, papa. Yeye alikuwa mu chumba. Aliniuliza ni nani. Nikamwambia ni muuza sabuni."

Mzee Hénoch aliinua macho kutoka kwenye daftari. "Aliuliza?" akasema.

"Aliuliza."

Alifunga daftari. Funguo hakunipa mkononi. Aliziweka dirishani, kati yetu, akatoka barazani, na nikamsikia anavuta kiti akikaa peke yake.