Mlingoti Mwembamba

Fundi alifumba macho, akashusha pumzi, akaanza kuugonga mlingoti kwa ukucha wa kidole gumba. Mlingoti ulilazwa juu ya meza mbili ndogo, vipande vyake viwili vikiwa vimechomekwa kimoja ndani ya kingine, mweusi na mwembamba kiasi cha mtu kuuzungushia kiganja na vidole vikakutana. Aligonga, akasogea nusu hatua, akagonga tena. Dada yake, aliyekuwa akishona kiraka cha tanga karibu na dirisha, aliacha sindano hewani. Binti wa dada yake, mwenye mlingoti, alisimama mlangoni akiwa tayari amevaa jaketi la kuelea. Hakuna aliyekohoa. Katika karakana ile, fundi akisikiliza, hata cherehani ilinyamazishwa.

Tatizo ni kwamba fundi hakuwa akisikia kitu.

Kwa miaka thelathini watu wa ufukweni walimwita Sikio. Mbao za tanga, zile za kuteleza juu ya maji kwa upepo, zilikuwa nyingi pale, na kila aliyeupanda ubao alijua kwamba mlingoti wake ni bomba la kaboni lenye uwazi ndani, na kwamba ufa mwembamba kama unywele unaweza kujificha chini ya rangi hata tochi isiuone. Jicho hudanganyika. Lakini ukiugonga taratibu tangu shina hadi ncha, penye uzima hulia, penye ufa hukoroma. Sikio alikuwa akisikia mkoromo huo hata redio ikiwa imewashwa. Akiridhika, huchora duara dogo la chaki kwenye shina, na bila duara lile hakuna aliyethubutu kuivuka ghuba. "Sikio halilali na njaa," wateja walimtania, naye alicheka nao.

Kwanza ilipotea saa ya ukutani. Alidhani imesimama, akaibadilisha betri mara mbili, mpaka alipoona mshale unatembea bila kutoa mlio. Kisha wakapotea ndege wa asubuhi. Kisha filimbi ya birika. Maneno ya watu bado aliyapata. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na aanzie wapi, mtu ambaye jina lenyewe analoitiwa ni Sikio? Milingoti minene ilimsitiri: sauti yake ilikuwa nzito, na hata isipofika masikioni ilifika kwenye kiganja. Hii myembamba ilikuwa na ukuta mnene na tundu dogo, na sauti yake ilikuwa kijisauti cha juu, kilekile kilichomhama. Kwa hiyo aliipiga vita.

"Mlingoti ni mnene, binti," alikuwa akisema. "Huo mwingine ni ufito wa kuangulia matunda."

"Mjomba, nikianguka, kuliinua tanga majini na lile gogo lako ni kazi ya watu wawili," binti alimjibu, akimwonyesha kifundo cha mkono alichokivunja mwaka uliopita. "Mkono huu ninao mmoja tu wa aina yake."

Fundi alisema tanga lilikatwa kwa mlingoti mnene, litakunjamana. Binti akalivalisha tanga mlingoti wa kuazima, akalikaza mpaka likawa laini kama shuka lililopigwa pasi, akauliza, "Kunjo liko wapi?" Alisema shina litacheza kwenye kitako chake. Binti akaleta bushi ya plastiki ya kuziba nafasi, shina likakaa kimya. Visingizio vikamwishia. Mwishowe binti akapata mlingoti kutoka kwa mtu aliyeuacha mchezo. Hakuna aliyemuuliza kwa nini aliuacha.

Sasa ukucha ulikuwa umefika kwenye kiungo, pale vipande viwili vinapokutana. Aligonga mara tatu. Kiganja hakikumwambia neno. Alipofumbua macho alimwona dada yake amemkodolea, midomo ikiwa wazi kidogo kama mtu anayetaka kuuliza jambo. Kisha dada akainamia sindano yake. Anamwombea mwanawe, fundi aliwaza, na wazo hilo likamchoma.

"Vipi, Mjomba?"

Palikuwa na nafasi hapo. Ndogo, lakini ilikuwapo. Angeweza kusema niachie mpaka kesho, au mpelekee mtu mwingine autazame. Binti alikuwa akimtazama kwa uso ule wa tangu utotoni, uso usiojua kwamba mjomba anaweza kukosea.

"Mzima," alisema.

Akachora duara. Chaki ilimkatikia mkononi, akalimalizia kwa kipande.

"Nakwenda mpaka mnara wa taa, kule nyuma ya rasi, na kurudi," binti alisema, akiubeba mlingoti begani kwa mkono mmoja, akifurahia wepesi wake. "Mama, usianze kunihesabia dakika."

"Nihesabu nini? Kama mjomba wako ameusikiliza, mimi sina presha."

Binti akaondoka. Kitambaa kilichoning'inia mlangoni kilianza kupepea, kisha kikajikunja na kugandamana na ukuta. Upepo ulikuwa unapanda.

Fundi alijaribu kurudi kwenye kazi. Alikata uzi, akaupoteza, akakata mwingine. Alijiambia kwamba mlingoti mwembamba ni mgumu kuvunjika kuliko mnene, jambo ambalo ni kweli. Alijiambia kwamba tochi haikuonyesha kitu, nalo pia ni kweli. Ukweli wote huo haukumpa raha. Katika pembe ya karakana palikuwa na kipande cha mlingoti mwembamba wa zamani, kibovu, walichokitumia kuegemezea turubai. Ufa wake ulionekana hata ukiwa mbali. Alikichukua, akakilaza mezani, akakigonga penye uzima. Akakigonga juu ya ufa. Akarudia, akainamisha kichwa mpaka shavu likagusa kaboni.

Hakuna tofauti. Kimya kilikuwa kilekile.

"Huo nao unakoroma," dada yake alisema kutoka dirishani, bila kuinua macho. "Basi ndiyo sauti ya hii myembamba, eti? Maana hata ule wa mwanangu ulikoroma hivyohivyo, pale penye kiungo. Nilitaka kukuuliza. Nikasema aa, mwenyewe fundi yupo, mimi nani?"

Fundi aliinua shavu kutoka kwenye kaboni.

"Ulikoroma?"

"Si ulikuwa unausikiliza?"

"Dada," alisema. "Sikusikia."

"Hukusikia nini?"

"Sisikii. Huu mwaka wa tatu. Ile saa ukutani siisikii. Ule mlingoti nimeugonga wote, sikusikia hata chembe."

Dada yake aliinuka, tanga likamwangukia miguuni. Aliitazama saa, kisha akamtazama yeye, na fundi aliona akikumbuka zile betri mbili. "Ukachora chaki," alisema. Hakupaza sauti, au kama alipaza, fundi hakujua. "Mwanangu, ukamchorea chaki."

Simu ya binti ilikuwa mezani, ndani ya mfuko wake wa plastiki, kwa kuwa hakupenda kwenda nayo majini. Walitoka mbio bila kufunga mlango.

Ufukweni maji yalikuwa yameshabadilika rangi, na vichwa vyeupe vya mawimbi vilikimbizana hadi kwenye rasi. Matanga manne yalikuwa karibu na nchi kavu. La binti, la njano, halikuwemo. Nahodha wa mashua ya uokoaji alikuwa ameketi juu ya ngazi ya kibanda chake akimenya chungwa.

"Nenda ukamrudishe mpwa wangu," fundi alisema. "Mlingoti wake una ufa kwenye kiungo."

Nahodha alicheka. "Si umeupitisha wewe? Nimeona duara lako akiupitisha hapa." Alipomwona fundi hacheki, aliliweka chini chungwa. "Una uhakika?"

"Sina. Nimekuwa kiziwi, nikawaficheni. Maduara yangu yote ya milingoti myembamba msiyaamini. Waite na hao wanne watoke majini."

Alilisema kwa nguvu, na watu waliokuwa wakikunja matanga yao waligeuka. Miaka mitatu alikuwa ameliogopa neno hilo kuliko kifo. Sasa limeshatoka, na halikumpunguzia hata chembe ya mzigo. Nahodha alikuwa ameshafika kwenye mashua.

Mashua ilipiga kona ya rasi, ikapotea. Wakabaki ndugu wawili juu ya mchanga uliowachapa miguu. Matanga manne yaliingia moja moja, na hakuna mwenye tanga aliyemsogelea fundi.

"Mficha maradhi," dada yake alianza, kisha akaziba mdomo kwa kiganja na methali ikabaki bila mwisho.

"Nisamehe, dada."

"Nitakujibu akirudi."

Walingoja. Fundi aliukodolea macho ule mstari ambapo maji hukutana na mwamba, mpaka yakamtoka machozi ya upepo na ya mambo mengine. Alidhani ameona rangi ya njano mara mbili, na mara zote mbili hapakuwa na kitu.

"Inarudi," dada yake alisema ghafla, akimshika mkono. "Naisikia injini."

Fundi hakuona kitu ila povu. "Wako wangapi? Wanaongea? Unamsikia yeye?"

"Nyamaza. Nyamaza nisikilize."

Alinyamaza. Akaugeukia uso wa dada yake, akautazama kama wateja walivyokuwa wakiutazama wa kwake, akisubiri kuambiwa.

Dada yake alifumba macho. Fundi hakukohoa.