Gari Linalofuata Vyuma Vyake

Njia ya mwongo ni ndefu, tena ina lami. Fupi ni ya mkweli, nayo imejaa mashimo. Fikirini, dereva wa gari la wagonjwa la kituo cha afya kilicho karibu na mdomo wa Mto Ruvuma, alilijua hilo tangu Jumanne, gari liliporudi kutoka gereji likiwa limebadilishwa viungo vya usukani, na bado likavuta upande.

Alilirudisha Mtwara kwa fundi Omari. Omari akavuta uzi wa nailoni kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, akapima kushoto, akapima kulia, akachuchumaa. Matairi yalikuwa yamenyooka kama safu ya swala msikitini. Akamwambia Fikirini aachie usukani pale uwanjani. Gari likazunguka taratibu, likaelekeza pua mtaa wa Shangani, likatulia.

"Linafuata vyuma vyake," Omari alisema, akifuta mikono kwa tambara. "Vile vipya vilivyonunuliwa kwa ajili yake, niliagizwa nivifunge kwenye gari la bosi. Vya bosi vilivyolegea ndivyo ulivyo navyo."

"Vibadilishe basi."

"Kaka, niletee karatasi yenye sahihi yake."

Bosi alikuwa Bwana Yassini, mkuu wa ofisi iliyosimamia magari yote mawili. Alilisoma ombi la Fikirini akiwa amesimama, akasema gari halina ubovu, ila mikono ya dereva imezoea jembe. Hakutia sahihi.

Watu wakazoea. Kwa kuwa bosi alikaa Shangani, gari liliwafikisha wagonjwa getini kwake, na kutoka hapo wakamaliziwa safari kwa bajaji hadi hospitali. Mke wa bosi aliwawekea benchi na jagi la maji. Kabla ya kuondoka kijijini, Fikirini alimpigia simu mlinzi wa geti kuuliza gari la bosi liko wapi, kama mtu anavyouliza kivuko kiko ng'ambo ipi. Bosi akisafiri, wagonjwa walimsubiri arudi. Wawili hawakuweza kusubiri, wakazikwa.

Msimu wa korosho ulipofika, Sabra binti Mwanakombo alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Muuguzi alimpima, akasema mtoto amekaa vibaya, lazima mama apasuliwe, na saa zilizobaki ni chache. Fikirini akapiga simu. Mlinzi akajibu kama alivyoagizwa kumjibu kila atakayeuliza siku ile: bosi anaumwa, amelala ndani, gari lipo.

Gari halikuwepo. Bosi alikuwa bara, kwenye shamba lake la mikorosho, akisimamia upakiaji wa magunia siku ya kazi.

Kwenye njia panda, kulia ni Mtwara, kushoto ni mikorosho na vumbi. Gari likakata kushoto. Fikirini akakanyaga breki, akarudi nyuma, akaukaza usukani kulia mpaka mabega yakamwuma. Likakata kushoto. Watu waliokuwa wakiokota korosho wakaja bila kuitwa, wanaume kumi na wawili, wakalinyanyua pua, wakalitua likitazama mjini. Likasubiri watoe mikono, kisha likageuka. Walipolitua mara ya tatu, mmoja wao akasema lisilaumiwe, kila mtu na chake. Pikipiki ilikuwepo moja, lakini Sabra hakuweza kukaa. Simu hazikushika mtandao.

"Mwanangu Fikirini," Mwanakombo aliuliza kutoka nyuma, kichwa cha binti yake kikiwa mapajani, "huko linakokwenda kuna daktari?"

"Kuna bosi, mama."

"Basi twende. Kusimama nako hakuzalishi."

Gari lilikwenda saa mbili nzima, kwa upole, likikwepa mashimo lenyewe. Likaingia shambani, likasimama pua ikigusa bampa ya gari la bosi. Mtoto alizaliwa hapo juu ya kanga, wa kiume, na hakulia. Bwana Yassini alivua kofia, akatoa pole, kisha akauliza ni nani aliyemwonyesha dereva shamba lile.

Sabra alipelekwa hospitali kwa gari la bosi, baada ya magunia kushushwa. Gari la wagonjwa likafuata nyuma, tupu, bila kuhitaji mtu wa kuliendesha. Sabra akapona. Mwanawe alizikwa kijijini.

Matanga yalipoanuliwa, Fikirini aliitwa ofisini. Barua ilikuwa imeshachapwa kwa jina lake: kwamba aliacha njia kwa uzembe, mtoto akafa, naye anaomba radhi. Kuhusu vyuma hapakuwa na neno. Bwana Yassini alimweleza kwa sauti ya mtu mwenye huruma kwamba akitia sahihi ataendelea na kazi, asipotia dereva mwingine anaanza kesho, na gari ni lile lile. Nje ya dirisha magari mawili yalikuwa yameegeshwa, la nyuma likiliegemea la mbele. Mhudumu alipita na sinia la chai, akayazunguka.

Fikirini aliisoma barua mpaka mwisho, akairudisha mezani, kalamu juu yake.

"Siombi radhi," alisema.

"Fikirini, ninakusaidia, ujue."

"Siombi, mkuu."