Sabini na Tatu

Henriette Badibanga alirudia hesabu yake mara ya nne, na mara ya nne ikatoka ileile: sabini na tatu. Kitabu cha Profesa Kyungu, ambaye angemhoji Jumatano kwenye mtihani wa tasnifu yake, kilisema sitini na saba.

Wenzake wote chuoni walikuwa wameandika tasnifu juu ya shaba na kobalti. Yeye aling'ang'ania kupima ulimwengu unatanuka kwa kasi gani. Alichukua kwenye mtandao vipimo vya nyota zilizolipuka katika galaksi za mbali, akalinganisha umbali wa kila galaksi na kasi inayotukimbia nayo. Kwa kila umbali wa miaka ya mwanga milioni tatu na kitu, kasi iliongezeka kilomita sabini na tatu kwa sekunde.

"Toa zile nyota nane za pembeni, zisizofuata mstari wa nyingine," alimshauri Stany, mwanafunzi mwenzake. "Namba itashuka yenyewe. Nani atajua?"

"Mi nitajua."

"Basi utajua peke yako, mwaka kesho, ukirudia."

Maneno hayo yalimchoma. Jumanne alizifuta kweli zile nyota, na namba ikashuka hadi sitini na nane. Akaitazama, akajiona kama mtu aliyeiba. Akazirudisha zote nane.

Jumatano alisimama mbele ya meza ya wahoji. "Tata Profesa, kabla hamujaniuliza: namba yangu si ya kitabu chenu. Nimetafuta kosa, sikulipata."

Profesa Kyungu akavua miwani. "Sitini na saba ni ya wale wanaoanzia kwenye mwanga wa kale kabisa wa ulimwengu. Wanaopima kwa nyota kama wewe, wengi wanapata sabini na tatu. Wanabishana miaka sasa, na hakuna anayejua kwa nini. Ungeniletea sitini na saba, mama, ningekuuliza umeitoa wapi."

Henriette alishika ukingo wa meza. Akajikuta anacheka mbele ya wakubwa, machozi yakimtoka. Maswali yaliyofuata aliyajibu kama anayeongea na jirani.

Mama yake, Simone, alikuwa akimngoja kwenye geti la chuo.

"Wamesema nini?"

"Wamesema hakuna mwenye kujua, mama."

"Sasa umepita ao haukupita?"

"Nimepita."

Mama Simone akapiga kigelegele katikati ya vumbi la malori ya madini, na mlinzi wa geti, asiyejua habari yoyote, akapiga makofi.