Ndege Mwenye Kishungi Chekundu

Teksi ilikuwa imeshapita robot ya pili, taa za barabarani, za Mtaa wa Raleigh wakati Jeannine alipogundua kwamba kofia ya sufu ya mwanawe bado ameishika yeye mkononi. Alikimbia nayo mpaka kwenye duka la simu, akasimama. Kupitia kioo cha nyuma aliona kisogo cha Gradi, na katika mistari ya nywele, uzi mwekundu aliomsukia asubuhi ile. Katika ukoo wao mtoto anayesafiri mbali husukwa uzi mwekundu, ili mama akimtafuta kwenye umati asihangaike.

Hiyo ilikuwa Septemba 2015. Gradi alipanda ndege hadi Uturuki, kisha akaendelea kwa mashua na kwa miguu kuelekea Ulaya. Januari alituma ujumbe: "Maman, leo tunaingia msituni. Baridi kali." Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena.

Februari, siku ya Jumanne, msitu ulifika Johannesburg. Ulikaa juu ya kilima cha Yeoville, pale watu wa makanisa wanapoombea, ukiwa na misonobari yake, mteremko wake na theluji yake. Chini huko Bellevue watu walikuwa wanalala madirisha wazi kwa joto. Waombaji walisogea upande wa pili wa kilima. Mwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, akaagiza glavu.

Kutoka vitongoji vya kaskazini wakaja wanachama wa chama cha watazama-ndege, na darubini zao na viti vya kukunja. Walisema huo ni msitu wa milima ya Ulaya, na ndege wake wote wamo. Wakaweka uzio, njia ya mbao, na mlinzi getini. Mlinzi alikuwa Évariste, mtu wa Bukavu, anayesali kanisa moja na Jeannine. Aliyeacha njia ya mbao ili aingie ndani zaidi alijikuta ametokea Mtaa wa Rockey, nyuma ya bucha, ana theluji kwenye viatu. Kwa hiyo msitu ukawa wa kutazamwa tu.

Jeannine alipanda kuuza chai ya tangawizi. Siku ya tatu mwanachama mmoja alimwazima darubini. Alitazama kidogo, akairudisha.

"Ule njo mutoto wangu," alisema. "Pale kwenye mti ulioanguka. Anachechemea."

Katibu wa chama, mama mmoja mrefu, alitazama pia.

"Namwona," alisema. "Lakini huyo si ndege."

Katibu hakuwa mtu mbaya. Alimweleza utaratibu wote. Kitabu chao cha ndege kina safu za aina, jinsia, mahali na hali. Alichokiona mwanachama mmoja hakiandikwi mpaka wa pili athibitishe. Jioni ukurasa hutumwa kwa wenzao wa Ulaya. Wiki iliyopita waliandika bundi aliyevunjika bawa, na kesho yake wakatokea mle msituni wanaume wawili wenye makoti ya kijani, wakamtia kwenye boksi, wakampeleka kutibiwa.

"Na mtu je?"

"Kitabu hakina safu ya mtu."

Jeannine alishuka, akamaliza kusuka wateja wawili, akapanda tena kuomba uanachama. Mtihani ulikuwa kutaja ndege arobaini. Mtu aliyeshinda miaka kumi na moja akitofautisha weusi wa nywele za bandia namba moja na wa namba moja B hakusumbuliwa na vigogota. Aliwapata wote arobaini.

Akabaki mwanachama wa pili, wa kuthibitisha. Alimwendea Évariste getini.

"Papa Évariste, fanya mtihani."

"Eish, maman Gradi. Mwanachama haruhusiwi kuwa mlinzi. Watanitoa."

"Watakutoa, ndiyo."

"Na watoto wangu watakula misonobari?"

"Watakula kwangu. Sufuria yangu kubwa, hata wewe na hilo tumbo mtaenea."

Évariste alicheka, kisha akalitazama geti lake. Wiki tano alikuwa amesimama pale akiupa msitu mgongo, kama alivyoagizwa. Hakuwahi kumwona ndege hata mmoja. Mtihani aliufanya kwa masikio, akawataja hamsini na wawili. Siku hiyohiyo akavua sare.

Kesho yake ukurasa uliandikwa hivi: Ndege mkubwa, dume, kijana. Kishungi chekundu. Mguu wa kushoto umeumia. Yuko kwenye msonobari ulioanguka, peke yake, hali chakula. Ameonwa na Jeannine, amethibitishwa na Évariste. Katibu aliusoma mara mbili, akachungulia kwa darubini, akaweka sahihi, kwa sababu wanachama wawili wamekubaliana na utaratibu ni utaratibu.

Makoti ya kijani yalikuja siku ya pili, saa nne asubuhi. Boksi lilikuwa la bundi, kwa hiyo waliliweka pembeni. Walimfunga Gradi mguu kwa bendeji, vizuri kabisa. Wakampima uzito na urefu wa mikono. Wakamvisha pete ya bati yenye namba kwenye mguu mzima. Jeannine alikuwa amepiga magoti juu ya mbao, darubini machoni, akisema asante, asante. Kisha wakamshika Gradi mikono, mmoja huku mmoja huku, wakamtembeza mpaka kwenye waya wa mpaka, wakamwachia upande alikotokea.

"Kwa nini?" Jeannine aliuliza.

"Aliyevishwa pete huachiwa alikotokea," alisema katibu. "Vinginevyo anapotea."

Uzi mwekundu walimwachia, kwa kuwa unasaidia kumtambua.

Msitu uliondoka Mei, siku ya kuzoa taka. Kilima kilikauka ndani ya wiki moja na waombaji wakarudi mahali pao. Katibu alipewa tuzo kwa aina mpya ya ndege. Évariste analinda geti la mazizi ya farasi Turffontein. Watoto wake walikula kwa Jeannine miezi mitatu, kama alivyoahidi. Jeannine bado anasuka, kofia ya sufu ikiwa juu ya kioo cha saluni, na bado ni mwanachama, kwa kuwa wanachama tu ndio huletewa kadi za taarifa. Kila anapoonwa yule mwenye pete, kadi huja. Zimefika tisa. Ya mwisho ni ya Novemba 2019. Inasema ana afya, alikuwa akielekea kaskazini, ameachiwa upande alikotokea.