Mtihani wa Jiko

Niseme mapema: simu niliiweka kwenye friji mimi mwenyewe, hakuna aliyenisingizia. Lakini mtu akiweka simu kwenye friji mara moja, haya, mara tatu, ndiyo aletewe maboksi ya kuhamia? Binti yangu ni muuguzi, amezoea kuamrisha watu waliolala chali. Aliingia bila hodi.

"Baba, huwezi tena kukaa peke yako. Jumamosi unahamia kwangu."

"Sihami!"

Tukavutana mpaka majirani wakapunguza redio wasikie vizuri. Mwisho tukaafikiana. Hospitalini kwake kuna madaktari wanaochunguza jinsi ubongo wa mzee unavyokumbuka mahali vitu vilipo, na wanatafuta wazee wa kujitolea. Nikifanya vizuri, nabaki nyumbani kwangu. Nikiboronga, nahama bila kinyongo. Nikacheka kimoyomoyo. Miaka thelathini na moja nilikuwa mtunza stoo wa karakana, nikijua kila boliti iko rafu gani. Mtihani wa mahali pa vitu? Hao wangeniomba nisahihishe!

Daktari mwenyewe kumbe mtoto wa juzi, ndevu zake unaweza kuzihesabu. Akanivua saa, mkanda, hadi meno ya bandia. Sasa niambie, mzee asiye na meno atamtisha nani? Wakanisukumia ndani ya bomba la mashine ya kupiga picha za ubongo, ikaanza kugonga ka-ka-ka-ka mpaka fuvu likawasha. Mbele ya macho yangu ikatokea picha ya jiko, na vitu vikawa vinaingia kimoja kimoja. Sufuria ikakaa sakafuni. Chumvi ikaenda chini ya sinki. Kisu, kwenye kiti!

"Nani kapanga upuuzi huu?" nikafoka.

"Mzee, tafadhali usitikise kichwa," sauti ya daktari ikanijibu.

Baadaye jiko likawa tupu. Nikawa naonyeshwa kitu kimoja kimoja, nami nabonyeza vitufe kuonyesha kilikuwa wapi. Nilibonyeza chapuchapu, nikatoka kifua mbele.

Daktari akatuwekea picha mbili za ubongo. Wa kijana mmoja aliyefanya mtihani huohuo ulikuwa na doa dogo la rangi upande mmoja. Wangu ulikuwa unawaka kwa mbele, kushoto na kulia.

"Unaona?" nikamwambia binti yangu. "Mwenzangu kawasha chumba kimoja. Mimi nyumba nzima!"

Daktari akakohoa. "Mzee, mara nyingi maana yake ni kwamba ubongo unatumia nguvu zaidi kwa kazi ileile. Kwa umri wako si ajabu."

"Na maksi?" akauliza binti yangu.

"Tisa. Kati ya thelathini."

Binti yangu akaanza kuhesabu maboksi kwa vidole, ujue keshaamua. Nyumba yangu ndiyo hiyo inaondoka. Niliogopa, sifichi, na mimi nikiogopa huwa nabwata: mashine mbovu, vitufe vimegeuzwa, nataka nione majibu yangu moja baada ya jingine!

Daktari, maskini, akafungua picha nyingine. Ni lilelile jiko, vitu vikiwa pale nilipoviweka mimi.

"Utafiti huu hausemi nani akae wapi," akasema. "Ila mzee hakukosea ovyoovyo. Ni kama alikuwa anapanga."

Binti yangu akasogea, akagusa kioo kwa kidole. "Chumvi dirishani, isishike unyevu. Vikombe rafu ya chini, watoto wajichukulie. Kisu juu ya kabati, wasikifikie." Akanigeukia. "Baba, hili ni jiko la mama."

Nikatazama. Haki ya Mungu, sikuwa nimejua. Mke wangu ana miaka minne kaburini, na mimi nilidhani nakumbuka picha ya mtihani.

Binti yangu alilia palepale, na sare yake ya kazi. Daktari akajifanya anatafuta kalamu aliyokuwa ameishika.

"Kwangu utapotea, baba," akasema hatimaye. "Kwangu hata mimi sijui chumvi iko wapi. Kaa kwako. Nitakuwa napita asubuhi na jioni, na usinibishie."

"Nani kabisha?"

Akamgeukia daktari. "Nichapishie hiyo picha."

"Samahani, dada, majibu ya utafiti ni siri..."

Akamtazama vile anavyowatazama wagonjwa wanaotema dawa. Picha ikachapwa.

Tukatoka kuelekea nyumbani kwangu, yeye ameishika kwa mikono miwili, anaisoma huku akitembea, karibu ajigonge kwenye nguzo. Tulipofika kona akasimama. Chujio la chai, akauliza kwa sauti ndogo, mama alikuwa analitundika wapi? Anajaribu kulikumbuka na halimjii.

"Msumari wa pili kutoka mlangoni," nikamwambia.