Boke Afika Kwao Bila Begi

Boke alipoingia uani kwa wazazi wake Butiama, jasho likimtiririka na miguu ikigoma, alitaka kitu kimoja tu: maji. Maji alipewa, na kilio juu yake. Mama yake alimtazama kuanzia nywele hadi raba, akachungulia barabarani nyuma yake, hakuona begi wala mume, basi akaketi chini palepale akaanza kulia.

Boke hakuelewa. Alikuwa ametoka kwake Nyasho, mjini, alfajiri kwa mazoezi yake ya mwisho marefu. Jumapili kulikuwa na marathoni Bunda, ya kwanza maishani mwake, na akina mama wa kanisani walikuwa wakichangisha kwa jina lake ili kijiji cha Murangi kipate gari la wagonjwa. Akaona ajipime: akimbie mpaka kwao, anywe chai, arudi na basi. Akili ya mjini hiyo. Kwao, mke wa mtu akitokea kwa wazazi wake kwa miguu, mikono mitupu, peke yake, hana haja ya kusema neno. Ndoa imemshinda.

Akaeleza hata hivyo. Akaeleza marathoni, akaeleza kanisa, akaeleza gari la wagonjwa, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kumhurumia.

“Mwanangu,” mama alimwambia, “mwanamke mwenye amani hawezagi kuja hivi. Pumzika kwanza.”

Aliyechanganyikiwa zaidi ni wifi yake, Nyangi, na alikuwa na haki. Ng'ombe wa mahari ya Boke ndio hao hao kaka yake Boke aliowatoa kumwoa Nyangi. Wakidaiwa warudi, yeye atasimama wapi? Akazichukua raba za Boke pale mlangoni, akaenda kuzificha. Baba, mzee Wambura, alipiga simu moja fupi, kisha akatangaza kwamba binti haondoki mpaka mkwewe aje na mtu mzima wa kwao, yazungumzwe. Mazungumzo ya namna hiyo huweza kula mwezi.

Na Jumapili je? Boke akawa hajui acheke au alie. Kuku akachinjwa kwa ajili yake, akala huku akijiuliza ni msiba wa nani. Kila aliyepita alimshika bega kwa upole, na huo upole ukaanza kumtia wasiwasi. Hezron, mumewe, hakuwahi kumpiga wala kumtukana. Mbona basi aliacha kuwabishia?

Mchana Hezron akafika, shati amelivaa ndani nje, pamoja na baba yake mdogo. Asubuhi hiyo mkewe alikuwa amemwambia anakwenda wapi, naye akaitikia “mh” bila kugeuka kitandani. Sasa aliitwa ukweni na hakujua kwa nini. Alipokalishwa mbele ya wazee alifanya alichofundishwa: akainamisha kichwa, akaomba radhi.

“Radhi ya kosa gani?” mzee Wambura akauliza.

Boke alifungua kinywa amwokoe. Alitaka kusema hakuna kosa, ni mazoezi tu. Lakini Hezron alikuwa ameshaanza, macho chini.

“Tulipomzika mtoto wetu kule Murangi, mimi nilirudi dukani siku hiyohiyo. Mpaka leo sijamtaja. Huyu huwaga anaamka alfajiri kwenda kukimbia, na mimi najifanyaga nimelala. Naonaga nikiamka nitaulizwa.”

Boke alihisi machozi yakimtoka na akayakasirikia, maana hakuyaita. Yule mtoto alikuja kabla ya wakati wakiwa Murangi kwa wakwe, akafia njiani wakitafuta usafiri wa kwenda mjini. Watu wote Boke aliwaambia anakimbia kwa ajili ya gari la wagonjwa, na ilikuwa kweli, aliapa ilikuwa kweli. Sasa hakujua tena ni nini kilichokuwa kinamwamsha.

“Binti,” baba yake akasema, “jambo lililokuleta ni hilo?”

Kilichomleta ni barabara na kiu. Alimtazama Hezron na lile shati lake, mishono yote nje.

“Ni hilo, baba,” akasema. “Na Jumapili aje Bunda, anishikie maji.”

Hezron akaitikia kwa kichwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nyangi akainuka bila kuagizwa, akaenda kuzitoa raba alikozificha.